Vidole Begani kwa Mama

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nasema lisemwalo halipo, na kama lipo, basi kuna mtu amelikata nusu na nusu nyingine ameificha.

"Hawa watoto ni ndugu," Shangazi akasema, akaiweka picha mezani kama mcheza karata anayeshusha turufu ya mwisho.

Hakuna aliyeigusa. Mimi na mama yangu tulikuwa tumekwenda nyumbani kwake kupanga siku ya harusi. Shangazi ndiye aliyemlea mchumba wangu tangu mama yake alipofariki, kwa hiyo bila neno lake hakuna harusi. Mchumba wangu mtaa mzima unamwita Baridi, kwanza kwa sababu anatengeneza mafriji, pili kwa sababu hakuna jambo linalompandisha joto. Siku hiyo nilimwona akijifuta jasho kwa kitambaa cha meza.

Picha ilikuwa ya rangi, rangi zenyewe zimepauka. Kushoto alisimama marehemu baba yake Baridi, ndani ya suti, saa mkononi, kicheko hadi gego la mwisho. Pembeni yake mama yangu, mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, gauni jeupe lisilo na makuu, mkono wake umepita kwenye kiwiko cha yule bwana.

"Mwaka uliofuata binti huyu akazaliwa," Shangazi akaendelea. "Nani hapa hajui kujumlisha?"

"Dada," mama akasema taratibu, "hiyo ni siku ya harusi yangu. Na wewe ulikuwepo."

"Harusi? Nionyeshe bwana harusi hapo nami nitapiga vigelegele."

Mama angeonyesha nini? Baba yangu alifariki kabla sijajua kumwita. Picha zao za harusi ziliingia maji mwaka paa letu lilipovuja, albamu ikashikana ikawa kama mkate uliolala nje, tukaitupa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuokoa picha za watu, sikuwahi kuona sura ya baba yangu hata kwenye karatasi.

Akaeleza hata hivyo. Kwamba alikuwa yatima, hakuwa na baba wala kaka wa kumsindikiza ukumbini, na baba yake Baridi, rafiki wa bwana harusi, ndiye aliyempa mkono. Shangazi akasikiliza huku akitazama kucha zake.

Baridi akasema twende hospitali tukapime, mambo yaishe.

"Pimeni," Shangazi akajibu. "Majibu yakisema hapana, watu watauliza kwa nini mlilazimika kupima."

"Sipimi," nikasema. "Kupima ni kukubali kwamba mama yangu ana la kujibu. Hana."

Baba Mdogo, mdogo wa mwisho wa Shangazi na baba yake Baridi, akagonga meza. Zamani alikuwa refa wa mpira, na mpaka leo huendesha vikao kama mechi. Harusi hiyo inayosemwa, yeye alikuwa bado anacheza gololi, hakumbuki kitu. Akatangaza kwamba mchezo umesimama hadi Jumamosi, na mwenye ushahidi aje nao.

Getini nikamshika Baridi mkono.

"Unaamini?"

"Siamini."

"Basi kwa nini hukusema mbele yao?"

"Yule mama amenilisha kwa mkono wake. Siwezi kumwita muongo kwa mdomo mtupu. Nipe kitu cha kushika."

"Ulinichumbia mimi au ulichumbia ushahidi?"

Nikampandisha mama kwenye teksi, nikamwacha Baridi pale getini na ubaridi wake.

Akapiga simu, nikaiacha ilie. Akapiga tena, nikaigeuza kifudifudi. Jioni ukaingia ujumbe: "Umekula?" Sikujibu. Mtu anakwambia umpe ushahidi, halafu anakuuliza umekula. Asubuhi ukaingia mwingine: "Nimekosea. Kitu cha kushika natakiwa nikitafute mimi, si wewe." Huo nao sikuujibu, ila niliusoma hadi nikaujua kwa moyo.

Siku ya tatu simu ikatetemeka nikiwa nasafisha kioo cha skana.

"Fungua mlango. Umeletewa mwizi wa picha."

Nikafungua. Amesimama na koti la kazini, bisibisi mfukoni, na ile picha ameificha ndani ya kitabu cha maelekezo ya friji.

"Shangazi yuko kwa msusi," akasema. "Kichwa chake kina nywele nyingi. Tuna muda."

"Nani kakwambia nimekusamehe?"

"Hujanisamehe. Nimekuja kama mteja. Nahitaji kuskani picha moja."

Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa hasira zangu zote.

Skana yangu inakaa kwenye meza ya kulia chakula, nasi tunakula sahani zikiwa mapajani. Watu huniletea marehemu wao ndani ya bahasha na mifuko ya plastiki: mabibi, wajomba, watoto waliopigwa picha mara moja tu maishani. Nawapangusa vumbi kwa brashi laini, nawalaza kifudifudi juu ya kioo, na taa inapita chini yao polepole. Hata picha ya adui nikaipangusa hivyohivyo. Kosa si la karatasi.

Nikaweka ukali wa mwisho, ule ambao kinyweleo kimoja kinajaza kioo cha kompyuta.

"Ona kwanza kingo," nikamwambia. "Zungusha macho. Nyeupe juu, nyeupe chini, nyeupe kushoto."

"Na kulia?"

"Kulia hakuna. Mama yangu ameishia pale alipoishia mkasi."

Akavuta kiti. Nikaisogeza picha kubwa hadi begani kwa mama, bega la upande uliokatwa. Pale mezani kwa Shangazi sote tuliona kitu kama nakshi, au ua la kitambaa lililoshonwa kwenye gauni. Nikaikuza tena. Ua likapata viungo. Likapata kucha.

"Vidole," Baridi akasema.

"Vinne."

"Vya nani?"

"Vya mume wangu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono imejaa povu. Hakuja karibu. Alivitazama vidole vile kutoka palepale, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina la utotoni.

Akasema mpiga picha wa siku ile aliwapa na filamu zake, zile nyeusi nyeusi, akawaambia wazitunze. Alizitunza. Lakini baada ya miaka yote hii alidhani zimekwisha kufa.

"Ziko wapi, mama?"

"Kwenye kopo la biskuti."

Kila nyumba ina kopo la biskuti ambalo halina biskuti. Letu lina nyuzi, vifungo na sindano zilizopinda. Nimelifungua tangu utotoni, kila mara kwa tamaa, na kila mara nimeambulia uzi. Tukamwaga kila kitu juu ya kochi, na chini kabisa, chini ya zipu ya suruali ya mtu nisiyemjua, ikatoka bahasha ndogo yenye vipande vya filamu.

Kabla hatujaishika, simu ya Baridi ikalia ujumbe. Akausoma kwa sauti: "Nimetoka kwa msusi. Nani amefungua kabati langu?"

Akanyakua picha, akairudisha kwenye kitabu cha friji, akatoka mbio. Kwenye ngazi akageuka.

"Umenisamehe?"

"Kimbia kwanza."

Kipande cha kwanza nilikiweka juu ya kioo kama ninavyoweka picha, na kompyuta ikanipa giza tupu. Mama akashusha pumzi. "Si nilikwambia zimekufa?" Nami nikashuka moyo, hadi nilipokumbuka kwamba picha ya karatasi huangaziwa usoni, lakini filamu haina uso wa kuangaziwa, inataka taa iipite katikati, kama dirisha. Skana yangu ina taa ya pili kwenye kifuniko na fremu ya kushikia filamu, na hiyo fremu haikuwahi kutoka kwenye nailoni yake. Wateja wangu huleta picha, filamu wanazitupa.

Nikaitoa. Nikakipachika kipande. Taa ikapita kutoka juu.

Wakatokea watu kama mizimu: nyuso zimepauka, nywele nyeupe, meno ya makaa. Nikagusa kitufe kimoja cha kugeuza rangi.

Yupo. Mwembamba, masikio makubwa, suti imemzidi mabega. Mkono wake umenyooka hadi kwa mama yangu na vidole vinne vimetulia begani. Nilimtazama nikaona mahali nilipoyapata masikio yangu, na hii pua niliyoinung'unikia tangu darasa la kwanza.

Mama akakaa chini sakafuni, kochi lipo.

"Huyo," akasema. "Huyo sasa."

Nikampigia Baridi, hakushika, nikamwandikia.

"Nimempata."

"Nani?"

"Baba yangu."

Ujumbe wake ukaingia: "Mwambie nakuja kumwomba binti yake."

Hapo ndipo nilipomsamehe, kama kuna mtu anaweka kumbukumbu.

Jumamosi tukarudi kwa Shangazi. Nilibeba kompyuta, waya wa televisheni na ile bahasha. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Shangazi alikuwa ameita shemeji na majirani waje kushuhudia aibu, viti vya plastiki vimepangwa hadi kibarazani. Picha yake ilikuwa palepale mezani. Nywele zake zilikuwa nzuri, sisemi uongo.

Baba Mdogo akatazama saa. "Haya. Mpira uko kwako."

Nikawasha. Harusi nzima ikajaa kwenye televisheni: mama katikati, baba yake Baridi upande mmoja, baba yangu upande mwingine. Sebule ikaguna. Mama mmoja wa kibarazani akasema, "Kumbe alikuwa na mume." Nikaanza kuvimba kichwa.

Shangazi hakutikisika. Akanyanyuka na picha yake, akaenda nayo hadi kwenye televisheni, akaishikilia pembeni.

"Tazameni wenyewe. Hapa kaka yangu yuko kushoto. Huko kwake yuko kulia. Hapa saa iko mkono wa kushoto. Huko iko mkono wa kulia. Kaka yangu alivaa saa kushoto mpaka tunamzika." Akanigeukia. "Binti, umesomea kompyuta, hongera. Lakini ukimtengeneza mtu, mtengeneze vizuri."

Watu wakacheka. Mimi nikatazama. Alikuwa anasema kweli. Kila kitu kilikuwa kinyume. Siku zote zile sikuwa nimeiweka picha yangu kando ya ile yake hata mara moja. Nilikuwa nashiba kumtazama baba.

"Ushahidi una kasoro," Baba Mdogo akasema kwa huzuni, mkono tayari unatafuta filimbi isiyokuwepo.

"Bi Skana," Baridi akaniita kwa sauti ya chini, jina analoniita tukiwa wawili. "Friji likigoma tunaangalia plagi kwanza. Plagi yako iko wapi?"

Plagi. Nikaifungua bahasha, nikakitoa kipande cha filamu, nikakiinamisha kwenye mwanga. Upande mmoja unang'aa kama kioo. Upande wa pili umefifia kama ukuta wa chokaa. Na mimi, kwa haraka na machozi ya siku ile, nilikilaza kwa upande usio wake.

"Baba Mdogo," nikasema, "naomba uje dirishani."

Akaja. Nikampa kipande akishike mwenyewe, pembeni, kwa ncha za vidole.

"Kaka yako yuko upande gani?"

Akakodoa. "Nyuso sizitambui, lakini saa naiona. Yuko kulia."

"Kigeuze, kama unavyogeuza ukurasa."

Akageuza. Akakodoa tena. 

"Yuko kushoto," akasema. "Na saa imehamia kushoto. Ni filamu ileile."

"Nililaza filamu kichalichali. Kosa ni langu na nalirekebisha mbele yenu."

Kubonyeza mara moja tu. Televisheni ikajigeuza: baba yake Baridi akarudi kushoto, saa ikarudi mahali pake. Kisha nikaiomba picha ya Shangazi. Hakunipa. Baridi akaichukua mkononi mwake, kwa heshima, kama mtu anayempokea mama kikombe kilichokwisha chai, akaibandika juu ya kioo cha televisheni. Nikapunguza picha yangu hadi zikalingana. Kiwiko juu ya kiwiko. Gauni juu ya gauni. Na pale mkasi ulipopita, vile vidole vinne vikapata kiganja, kiganja kikapata mkono, mkono ukapata baba yangu.

Hakuna aliyecheka.

"Kuna picha inayofuata," nikasema, nikaibonyeza kabla mtu hajanizuia.

Ilikuwa ya wageni wote mbele ya ukumbi. Wote wanatazama kamera, isipokuwa mmoja. Msichana mrembo mwenye maua mkononi, msimamizi wa bibi harusi, amegeuza shingo anamtazama bwana harusi. Mashavu yamelowa. Hata miaka ile, nywele zake zilikuwa nzuri.

"Nilikuona ukilia," mama yangu akamwambia Shangazi. "Nikadhani ni furaha."

Shangazi akakaa.

Mama akamfuata, akakaa kiti cha pembeni. Hakupandisha sauti. Katika sebule ile iliyojaa watu alimuuliza kama anayemuuliza jirani chumvi.

"Dada, ile nusu nyingine iko wapi?"

Shangazi akafungua mkoba wake, akatoa pochi, na nyuma ya kitambulisho chake akatoa kipande cha picha, chembamba, kingo zake zimelainika kama kitambaa. Baba yangu, peke yake, mkono wake umeishia hewani.

Alisema mambo mengi hapo, na mengi hayakuwa ya masikio ya majirani. Kwamba alimfahamu kwanza. Kwamba yeye ndiye aliyewatambulisha. Kwamba hakuwahi kumwambia neno, alingoja aambiwe. Na kwamba mimi nilipoingia kwake mara ya kwanza kama mchumba, aliniona masikio haya na pua hii, akajua hataweza kukaa nayo meza moja kila sikukuu hadi afe.

Baridi akachuchumaa mbele yake.

"Shangazi, ungeniambia humtaki, ningekusikiliza. Ungeniambia unaumia, ningekaa na wewe hata mwaka. Umeniambia ni dada yangu."

Shangazi akamnyooshea mama kile kipande. Mama akautazama mkono ule, akaukunja taratibu na picha ikiwa ndani.

"Kaa nayo," akasema. "Mimi nilikuwa naye mwenyewe."

Kutoka kibarazani mtu akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akajiziba mdomo. Lakini Shangazi aliahidi vigelegele akionyeshwa bwana harusi, kwa hiyo naamini deni lake lilikuwa limelipwa.

Baba Mdogo akatangaza matokeo: harusi ipo. Kisha akanivuta kando, akaniambia ukweli nimeusema, sawa, lakini ule wa pili sikuwa na haja ya kuuonyesha kwenye televisheni ya inchi zote zile. Nimemvua nguo mtu mzima. Nimwombe radhi, mechi iishe salama. Nikamuuliza, Shangazi aliwaita majirani hao waje kushuhudia nini? Akakuna kidevu. Akasema refa haonyeshi kadi mchezo ukishaisha, na mimi ni mtoto, mtoto hukosa kitu gani akisema samahani?

Nikamwambia akimwomba radhi aliyemchafua mama yake, mtoto hukosa mama.

Tulifunga ndoa kwenye ukumbi wa kawaida wenye mapazia ya bluu. Mlangoni, mgeni yeyote kabla hajaonyeshwa kiti, alikutana na picha ile, nimeichapa kubwa kama mlango wenyewe, kingo zote nne. Mama alisimama pembeni yake jioni nzima akiwaambia watu, "Mume wangu huyo. Ameonekana." Kwa jinsi alivyolisema ungedhani alikuwa safarini.

Shangazi alikuja. Baridi alimtengea kiti mstari wa mbele na mimi sikupinga. Amemlea mume wangu vizuri, hilo haliondolewi na mkasi. Wakati wa picha ya familia mpiga picha akapunga mkono, akasema aliye pembeni anakatwa, tubanane.

"Hapa hakatwi mtu," nikasema. "Rudi nyuma wewe."

Akarudi nyuma. Tukabanana hata hivyo, na Shangazi akajikuta begani kwangu, manukato yake na nywele zake, ananinong'oneza bila kutikisa midomo.

"Mbele ya majirani zangu. Kwenye televisheni yangu. Mpaka leo nangoja neno lako moja."

Nikaupitisha mkono wangu mgongoni mwake, nikaweka vidole begani, ili picha hii ikija kukatwa siku moja wajue nani alikuwepo.

"Umependeza, Shangazi," nikamwambia. "Tazama mbele. Radhi siombi."